Stakabadhi Namba 510511

Kituo cha karafuu, Mtambwe, saa saba mchana.
Faki Kombo ametia gumba kwenye wino,
gunia zake tatu zimeshuka mizanini,
nami nimemchania yake:
laki tano, elfu kumi, mia tano na kumi na moja.
Akaikunja mara nne, akaipachika ndani ya kofia, akenda zake.
Mimi nikabaki na nakala ya kaboni.

Iliyotangulia ilikuwa tajiri mno:
mbili inaigawa, tatu inaigawa, tano, saba,
kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba,
wote wamekaa kama wakwe siku ya Idi,
kila mmoja na sahani yake, wala hapana makombo.
Hii imeongeza moja tu
na nyumba nzima imehama.

Nikaigawa kwa mbili: ikabaki moja.
Kwa tatu: moja.
Nyuma ya daftari la makonyo, kwa penseli inayonuka karafuu
kama kila kitu huku,
nikafika kumi na saba. Moja, moja, moja.
Hiyo moja nikaijua sura.
Ndiyo mimi kwenye arobaini za watu,
watoto wakishagawiwa mapaja ya kulalia.

Lugha yetu nayo ina ulimi:
namba isiyogawika ila kwa moja na kwa nafsi yake
imeiita tasa.
Mwalimu Shaame aliliandika ubaoni, Utaani, darasa la sita.
Wavulana walicheka, na mimi nilicheka nao,
sijui bado kuwa ni jina nitakalovishwa na mawifi
mwaka wa tisa wa ndoa,
kwa mnong'ono unaosikika mpaka kisimani.

Basi nikaitaka hii iwe tasa.
Nikaiombea, jamani. Namba!
Nipate mwenzangu mle kofiani mwa Faki.

Kumi na tisa ikaingia.
Ikaingia bila hodi, mara elfu ishirini na sita,
mia nane sitini na tisa,
na hakikubaki kitu.
Nikarudia, labda nimekosea kutoa.
Hakikubaki kitu.

Gari la magunia likaja, likapakiwa, likaondoka.
Nikaendelea kuipasua, sasa kwa hasira,
hata tisini na saba ikapenya
mara mia mbili sabini na saba.
Hapo pakagoma.
Mia mbili sabini na saba haina mlango.
Tisini na saba haina. Kumi na tisa haina.
Tasa tatu zimekaa jikoni
zimeizaa laki tano na ushei.

Namba yoyote, ukitoa moja,
ama ni tasa, ama ni mwana wa tasa.
Mwalimu hakutwambia hilo.
Au alitwambia, sisi tuko mbioni kucheka.

"Wahesabu nini, na mizani iko tupu?"
Bi Mkasi yuko dirishani na kipolo cha makonyo.
Nikachana inayofuata. Mwisho wake mbili.
Sikuigawa.
Nikampimia makonyo yake.