Mita, Si Kilo

Walipofika mezani kwangu pale Kibuye,
Omolo na mwenzake wa miwani,
hawakuuliza bei ya kilo.
Walitaka mita.
"Utumbo mwembamba, mama, mzima, usiotoboka,
wa kondoo, si wa mbuzi."
Nikawaambia, mchuzi haupimwi kwa futi.

Wakaeleza. Fidla zao ni za mtindo wa kale,
hazitaki waya wa chuma,
na nyuzi walizoagiza ng'ambo zimekwama forodhani
kati ya matairi na dawa ya kuogesha ng'ombe.
Jumamosi wanarekodi
konsato tatu za Mtaliano aliyekufa
kabla reli haijaota kufika ziwani.
Nikamgeukia Nyaboke wa meza ya pili:
sasa huo ndio utumbo.
Akacheka hadi kisu kikamponyoka.

Lakini pesa ni pesa. Nikaosha, nikaloweka
siku tatu katika maji ya majivu,
nikaparua kwa mgongo wa kisu, taratibu,
kama unavyomtoa mtoto matongo,
hadi ukabaki ukungu unaoshikika.
Mulama, yule wa miwani, akasokota,
akavuta kati ya misumari miwili,
akauanika kivulini, juu, mbali na paka.

Jumamosi usiku nikaenda. Sikualikwa,
nilifuata mali yangu.
Kanisa la mawe, Milimani,
madirisha yamezibwa kwa magodoro ya bweni,
feni zimezimwa,
joto la kukaanga omena bila mafuta.
Kinanda chao kinakwanyua kwa unyoya wa kunguru.
Pinde zina singa za farasi.
Nikahesabu: kondoo, kunguru, farasi.
Hii si bendi, nikawaza, hili ni boma.

Tena hushusha sauti zote nusu ngazi.
Omolo anasema zamani dunia iliimba chini kidogo.
Hapo nilimwamini.
Marehemu mama aliniita kwa sauti ya chini
nami nikaisikia ng'ambo ya mto.

Mara ya kwanza, pikipiki.
Mara ya pili, kwarara akapita juu ya paa akilaani.
Mara ya tano unyevu wa ziwa ukaingia nyuzini,
zikalegea kama ahadi ya diwani.
Nanjala, fundi wa sauti, akainua kidole:
tena.
Tena.
Nikasinzia kwenye benchi, viatu mkononi
visije vikanena.

Mara ya kumi na moja, ile sehemu ya polepole,
Adoyo akateremsha upinde
na kitu nilichokiparua kwa vidole hivi
kikaomba maji.
Sina neno jingine. Si kulia, kulia nakujua.
Kiliomba maji, kikapewa kidogo, kikaomba tena,
na kule nyuma ile fidla kubwa ya kukumbatiwa
ikawa inatembea tu,
kama mtu aendaye kisimani bila haraka
kwa kuwa anajua kisima hakihami.
Nilishika benchi.
Kumbe ndani tuko hivi.

Kisha, ta!
Uzi umekatika.
Hakuna aliyetukana. Nanjala akavua visikizi:
noti ya mwisho ilikuwa imeshapita, akasema,
ila mlio wa kukatika umo.
Wakaanza kubishana, ufutwe, ubaki.
Nikawaacha. Saa nane za usiku,
na alfajiri kuna ndoo.

Jumatatu Nyaboke akaniuliza, haya, uliimba?
Uliimba, nikamwambia. Mpaka ukakatika.
Hakucheka.

Mteja wangu wa kwanza anataka robo, ana haraka,
ugali uko motoni.
Nauinua utumbo dhidi ya mwanga,
naunyoosha, naugonga kwa ukucha,
nategea sikio.
"Mama, kwani umeharibika?"
Hapana.
Nauweka kando, chini ya sufuria,
namkatia robo yake kutoka ndoo nyingine.