Kibali cha Siku Moja

Alfajiri tunateremka Nguba, mimi na Mugaruka.
Amevaa koti la siku ile walipomuaga kiwandani,
wakampa saa ya ukutani, bia mbili
na ahadi.
Ahadi imefika juzi, baada ya miaka mitatu,
katika bahasha ambayo wengine walikwisha kuifungua.
"Zilizobaki," amesema, "ni za meno."

Kwa hiyo tunavuka.
Darajani wanawake wa nyanya wanakuja mbio,
beseni kichwani, jetoni mdomoni, mtoto mgongoni amelala.
Sisi tunakwenda polepole, tukipisha.
Chini, Ruzizi imebeba chupa tupu za Bukavu nzima
na hakuna anayeidai kibali.

Ng'ambo, askari kijana ananinyang'anya mfuko wa plastiki.
"Mama, hii kwetu hairuhusiwi."
Karanga ananiachia. Nazimwaga ndani ya kofia ya Mugaruka,
na Mugaruka anaingia nchi ya watu
kichwa wazi, kofia mikononi,
kama mtu anayekuja kuposa.

Daktari wa Kamembe ni binti mwenye vidole vyembamba.
Anamwita mzee, anamwasha taa usoni, anafunga mlango.
Nimekaa kwenye benchi nasikiliza chuma.
Lile pengo nalijua kwa miaka arobaini na mmoja:
meno aliyaacha kwenye mpira, wiki moja kabla ya harusi,
na tangu hapo jina langu hupitia pale,
hutoka na upepo kidogo,
Nsssimire,
kama birika linalokaribia kuchemka.

Saa nane tuko kando ya ziwa na mishikaki ya mbuzi.
Nakula wangu. Halafu nakula wake,
maana shavu lake bado halijarudi.
Mbele yetu, Bukavu.
Sijawahi kuiona hivyo, yote kwa mara moja,
kama karai la vyombo visivyooshwa,
na inang'aa.

"Bati letu lile, chini ya mikaratusi."
"Hiyo ni parokia."
"Parokia iko kushoto."
"Kushoto kwa nani?"
Tumeishi pale miaka thelathini
na leo hatukubaliani tunakaa wapi.

Kisha mvua.
Inatokea upande wa Kahuzi, inashuka mtaa kwa mtaa,
inafuta Kadutu, inafuta Nyawera,
nami nasimama napiga kelele: "Nguo!"
Mashuka mawili, gauni la kanisani, suruali yake ya kijivu,
zote kambani tangu jana.
Watu wananigeukia. Kwao jua linawaka.
Mugaruka anacheka kwa nusu ya uso.

Upande wetu afisa anauliza, "Mmebeba nini?"
"Meno mawili."
"Yako wapi?"
Anafunua. Afisa anainama na tochi,
anakagua pole pole, kama ushuru umefichwa kwenye taya.
"Na ya mama?"
"Ya mama alizaliwa nayo."
Tunampa karanga zilizobaki. Anatupisha.
Kofia inarudi kichwani na chumvi yake.

Nyumbani, jirani yetu Mama Cishugi ameanua kila kitu
isipokuwa suruali.
Suruali ya mume wa mtu, anasema, haishikwi hivi hivi.
Iko kambani, inachuruzika peke yake gizani.

Umeme hakuna. Saa ya kiwandani inagonga,
haijawahi kusema kweli hata siku moja.
Kutoka chumbani sauti inaita:
Nsimire.
Jina zima, limenyooka, limepigwa pasi.
Siitiki. Nadhani ni mgeni.
Inaita tena.
Nimesimama uani na suruali mikononi, majimaji,
nasubiri ule upepo.