Ulanzi wa Inzi

Mwezi wa kwanza, Uwemba, mvua imelala juu ya bati,
na mifyulisi yangu mitatu nyuma ya jiko
imeiva wekundu wa shavu la mtoto aliyeota moto.
Mpita njia husema: heri mama huyu.
Mimi nasema: ngoja uume.

Tuponile aliuma lile la tawi la chini,
linalogusa kamba ya nguo.
Akanyamaza. Akatazama alipouma.
"Mama, nusu yake iko wapi?"
Funza mmoja. Nusu funza.

Bwana shamba akaja na pikipiki yenye tope hadi kwenye taa.
Hakuuza dawa. Alichukua kisu changu cha viazi,
akanionyesha kitobo kama cha sindano:
hapa mama yao alitaga, tunda likiwa bado gumu.
Ukiona kidonda, umeshachelewa.
Yaliyodondoka usiyaache chini, usiyatupe kwenye mbolea,
yafunge kwenye mfuko mweusi, uanike juani siku tano.

(Juani! Uwemba, mwezi wa kwanza!
Tulicheka wote wawili, tumelowa.)

Basi chimba, akasema. Shimo la kufika gotini. Shindilia.

Nikachimba.
Nikaokota chupa za maji pale kituoni,
nikazitoboa kwa msumari wa moto,
nikatia ulanzi uliolala siku tatu, ule wa kutoa machozi,
na tone la sabuni, ili anayeingia asipate pa kusimama.
Nikazitundika. Upepo ukazigonganisha usiku kucha
kama walevi wanaoagana na hawaondoki.

Asubuhi nikahesabu: kumi na saba.
Kesho yake ishirini na wanne.
Kesho yake nikaacha kuhesabu,
nikajua nachota maji kwa tenga.

Maana ng'ambo ya mabingobingo
iko mifyulisi ya Nyagawa, mikongwe, haina mchumaji
tangu mkewe azikwe.
Tunda linadondoka, linalala, linaoza,
linanuka utamu wake hadi kwenye mto wangu wa kulalia.
Na mimi na Nyagawa hatujasalimiana mwaka na nusu,
sababu ni nguruwe wake na matuta yangu manne ya viazi.
Kesi ilifika kwa mtendaji. Nilishinda.
Shilingi elfu kumi na mbili.
Inzi hakuitwa kwenye kesi.

Jumamosi, ukungu bado uko magotini,
nikavuka na ndoo.
Sikupiga hodi; nani hupigia hodi uozo?
Nikainama. Yalikuwa laini, yana vuguvugu,
mengine yakichezacheza kiganjani.
Ndoo ya kwanza. Ya pili. Mgongo ukaniambia yake.
Mlango ukalia.
Nikasubiri matusi; ya kwangu nilikuwa nayo tayari.

"Kamwene."

"Kamwene," nikajibu,
nikiyaambia matunda, si yeye.

Akarudi ndani. Nikasikia bati likiburutwa.
Akatoka na toroli na jembe.
Tukachimba shimo moja, mpakani hasa,
mimi nikimimina, yeye akishindilia kwa buti za mvua
kwa hasira ambayo sikuuliza ni ya nani.
Nguruwe hakutajwa.
Alikoroma tu, bandani kwake.

Mwishoni Nyagawa akainua uso kwenye chupa zangu.
"Kumbe ni kweli wanayosema?
Ulanzi unawapa inzi, na watu tupo?"

Nikampimia lita moja.
Wa leo, si ule wa siku tatu.

Sasa wamepungua. Hawajaisha.
Kila fyulisi bado nalipasua kwanza,
nalisogeza kwenye mwanga wa dirisha,
nalizungusha, ndipo nampa Tuponile.
Naye hulikagua upya, mwenyewe, taratibu,
kama mtendaji anayesoma barua,
halafu anauma.