Ndoo ya Thelathini

Historia ya kikosi chetu ina kurasa arobaini na moja.
Inataja ndege zilizopakwa buluu hadi tumboni,
bunduki zilizong'olewa ili mafuta yapate nafasi,
na Luteni Bruwer, aliyeruka mara sitini na mbili,
ya sitini na tatu akaenda moja kwa moja.
Maji haiyataji.

Maji yalitoka kisimani kwa Incoronata,
mjane, nje kidogo ya Foggia,
ambaye ghala lake la mvinyo tulilifanya chumba cha giza.
Kila mkanda ulidai ndoo thelathini.
Aliteka mwenyewe; kamba yake hakumwamini nayo askari.
Filamu tulizianika ubavuni mwa soksi zake.

Kule juu, futi elfu thelathini, Bruwer alipiga picha
kucha zikimganda ndani ya glavu.
Huku chini Sajenti Hesketh aliinamia lenzi zake mbili
mpaka nchi bapa ikainuka: bomba la kiwanda, reli, daraja.
Kimo cha kila kitu alikipima kwa kivuli.
"Mtu huongopa," alisema. "Kivuli hakijajifunza."

Jumatatu moja ya Machi alikwama.
Ng'ambo ya mstari wa vita, kando ya daraja,
vitone vyeupe kumi na kimoja.
Mahema? Malori chini ya turubai?
Incoronata akapita na ndoo, akachungulia, akacheka.
"Mashuka! Leo ni siku yao ya kufua.
Yale mawili ya pembeni ni ya dada yangu.
Mgomvi yule, haaniki karibu na mtu."
Kisha kicheko kikamkauka.
"Daraja mnalipigia picha la nini?"

Feni ya kukaushia ilikuwa inanguruma.
Tulijifanya imetuziba masikio.

Hesketh aliandika: *nguo, si jeshi.*
Alhamisi daraja likapigwa, maana lilikuwa daraja.

Jumatatu Bruwer akarudi kupiga picha ya hasara.
Mkanda huo niliuosha mimi.
Daraja limevunjika mgongo, limelala mtoni.
Ukingoni, vitone tisa.
Nikahesabu tena kwa kidole kilicholowa. Tisa.
Pembeni, pale pa mgomvi, udongo mtupu.
Labda aliwahi kuanua.
Labda wiki ile hakuwa na mashuka machafu.

Incoronata alitua ndoo ya thelathini.
Hakuomba kuchungulia.
Nikamwambia yanatosha, mama, yametosha.
Akageuka, akarudi kisimani
kuteka ya thelathini na moja.