Niuzie Kama Hunijui

Darasa letu liko Ruwi, juu ya duka la mapazia.
Baada ya isha tunaingia wanane,
kila mtu na kikokotoo chake na usingizi wake.
Bi Thuraya anachora ubaoni kampuni mbili,
katikati mshale.
"Hapa," asema, "ndipo kodi inapotoroka
bila kugonga pasi."

Mfano mimi ninao, sikuuazima kitabuni.
Ami Muhanna ana ghala la ubani Salala,
ana na kampuni Dubai: jina jingine, muhuri mwingine,
sahihi ni yake ile ile.
Huku anajiuzia kilo kwa riali nne.
Kule anawauzia Wafaransa kwa kumi na tatu.
Faida inapanda lori, inavuka mpaka,
inakwenda kulala penye tisa kwa mia,
inaikimbia kumi na tano ya kwetu.
"Undugu ni kufaana," husema ami.
Na daftari ninaliandika mimi.

"Methali hiyo iacheni mlangoni na viatu.
Humu, kufaana ndiko kunakotiliwa shaka.
Muuzie nduguyo kama mpita njia.
Umbali wa mkono, usipungue."
Nikaunyoosha wangu chini ya meza,
ukagota mkoba wa jirani.

Kazi ya nyumbani: tafuta bei ya mgeni kwa mgeni,
ubani ule ule, daraja ile ile, msimu ule ule.
Nikaenda Matrah.
Kijana wa duka keshainua mizani,
simu ikalia. "Ee mama, nishafika."
"Kumbe mwenzetu! Binti wa nani?
Basi wewe kilo nakufanyia kumi na mbili."
Namba yangu ikafia pale pale mizanini.

"Niuzie kama hunijui."
"Nisikujue vipi, na mandazi ya mama yako
ndiyo futari yetu kila mwaka?"
"Nifanye mtu wa meli ya watalii."
Akacheka, kisha akaukaza uso,
macho yakawa ya dukani.
"Ishirini."
Iliniuma, wallahi, kupita hizo nane.
Nikalipa. Nikaomba risiti.

Bi Thuraya akaipiga mstari mwekundu:
Rejareja si jumla. Rekebisha.
Nikarekebisha mpaka alfajiri:
nikatoa kodi ya duka, nikatoa vifuko,
nikatoa na ile faida ya kukaa na kungoja wateja.
Ikabaki kumi na moja na baisa mia mbili.

Nikampelekea ami karatasi.
"Huyu wa Dubai ni nani kwako?"
"Ni mimi."
"Basi kuanzia leo hamjuani."
Akaisoma kimya, kidole kikifuata tarakimu
kama anayetafuta mwiba.
"Nne," akasema. "Kumi na moja."
Akavua miwani.
"Na wewe, mwanangu, mshahara ninaokupa,
tuuandike bei ya nani?"

Nikafungua mdomo.
Miaka sita.
Ndugu alikuwa mimi.