Nyumba Zisizo na Anwani

Saa kumi jioni, Hull, kiza kimeshaingia.
Nimerudi kazini, soksi chepechepe,
mkoba wa barua nimeuacha posta, mtupu.
Juu ya meza ya jikoni kompyuta imelala ubavu,
tumbo wazi, na binti yangu Ruzuna
amekwisha kuipachika kumbukumbu mpya: giga nane.

Tunaiwasha. Inahesabu.
Inasema tatu na kitu.

"Si mbovu, baba. Mfumo huu ni wa biti thelathini na mbili,
hesabu yake inaishia hapo."
Nikaelewa upesi kuliko alivyotaraji:
ni tarishi aliyefundishwa namba hadi mlango fulani.
Mbele ya hapo nyumba zimejengwa, mapazia yametundikwa,
watu wamesimama dirishani,
naye anageuza baiskeli.

"Basi tuweke wa sitini na nne. Huyo mitaa yote ataijua."
Kipya kinyemi, husema watu,
na kidonda hukitaja mwishoni.

Maana ipo skana, rangi ya maziwa yaliyochacha,
niliyoinunua paundi sita kwenye mnada wa kanisa.
Kampuni yake ilifungwa, na dereva wake
hakuwahi kuandikiwa mfumo mpya.
Kwa skana hiyo naingiza barua za kaka yangu Vuai,
aliyeniandikia kila mwezi, kwa kalamu ya kijani,
akilalamikia bei ya saruji,
mpaka mwezi ambao hakuandika.
Zimebaki arubaini na tatu, kwenye boksi la viatu.

"Tuigawe diski," anasema Ruzuna. "Mifumo miwili, chombo kimoja.
Ukiwasha, itakuuliza unakwenda kwa nani."
Nikamwambia huo ni ukewenza.
Hakucheka. Ameshika bisibisi kama daktari
anayengoja jamaa watie saini.

Sio leo, mwanangu. Wala sisemi hapana.
Funga tumbo lake, kaza skrubu zote nne.
Giga tano hizo zikae gizani wiki mbili tatu,
zimezoea, hazijawahi kuona mwanga.

Akaenda kulala bila kuaga vizuri.
Nikatoa barua ya juu, nikailaza kifudifudi kwenye kioo.
Taa ikaanza kujikokota chini ya wino wa kijani,
ikakwama kwenye mkunjo,
ikanguruma,
ikaendelea.