Jalada la Ziwa Kallträsk

Julai ya arobaini na sita, huku kwetu kaskazini,
usiku haukuwa na giza la kuficha kitu.
Nilikuwa na miaka tisa, reki ya majani mkononi,
nikakiona: kijivu, kirefu, hakina mabawa,
kikipita juu ya zizi la Enok Lindvall
kimya kimya, kama mtu anayemkwepa mdai wake.
Kikaingia ziwani. Maji yakasimama,
kisha yakaketi.

Siku ya tatu wakaja askari ishirini na mmoja,
na chelezo, na minyororo, na Kapteni Rosenqvist
mwenye mafua. Wiki mbili wakachokoa tope.
Wakaopoa mizizi, ndoo, fuvu la kulungu.
Kapteni akanipa penseli: Chora.
Nikachora. Urefu wake?
Nikasema: kutoka mlangoni petu hadi chooni.
Akaandika mita kumi na nne
bila kwenda chooni.

Mama akawachemshia kahawa, ile ya mgawo,
tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya matanga ya bibi
ambaye alikuwa bado hajafa.

Baadaye magazeti yakakatazwa kulitaja ziwa.
Lisemwalo lipo, watu husema;
Wizara ikaipindua: lisiposemwa, halipo.
Mwalimu Signe akakunja ramani.
Nami nikaitwa mwongo, mwaka baada ya mwaka,
hadi nikalizoea
kama mwanamke anavyozoea jina la mumewe.

Miaka hamsini ikatimia, siri ikaisha muda.
Nikapanda treni hadi Stockholm, mkate na jibini mkobani.
Karani akaniletea jalada kwa glavu nyeupe,
kama mtu aliyebeba yai.
Mhuri mwekundu: SIRI KUU.
Ndani, karatasi moja.

Mchoro wangu haumo.
Neno la Kapteni halimo, wala tope, wala mita kumi na nne.
Ni hati ya madai tu:
kahawa, vikombe mia mbili na sita,
krona thelathini na moja,
na sahihi ya Mama, ile g yake yenye mkia mrefu
unaofika mstari wa chini.

Nikacheka mpaka msomaji wa meza ya pili akageuka.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa mtu mwenye haraka:
Malipo yasubiri uchunguzi ukamilike.

Nikavua miwani, nikaifuta.
Nikamwuliza karani
dirisha la mhasibu liko ghorofa ya ngapi.